Maneno Kumi na Mawili ya Mama Mdogo

Jina la Pilipili hakupewa na mzazi. Alipewa na wenzake kazini, tena wiki yake ya kwanza, baada ya kumwambia mkubwa wa kampuni mbele za watu kwamba kitufe chake kipya kilikuwa upuuzi. Na kweli kilikuwa upuuzi. Mtu alikigusa mara moja tu, na fedha zote alizonazo zikaondoka, bila kuulizwa kama ana uhakika. Siku ile Mkubwa alicheka, akasema ofisi inataka watu wenye moto. Baadaye alipoona moto wenyewe hauzimiki, akaacha kucheka.

Kampuni ilitengeneza pochi. Si pochi ya ngozi, ni pochi ya ndani ya simu, ya kuwekea zile sarafu za mtandaoni zisizo na noti wala benki. Kazi ya Pilipili ilikuwa kupanga skrini: kitufe kikae wapi, onyo liandikwe vipi, mtu akikosea afanyeje. Na hapo ndipo palipokuwa na balaa, maana kwenye pochi ya namna hii mtu akikosea hana la kufanya. Benki ukisahau namba ya siri utapanga foleni, utanuniwa na karani, lakini mwisho utapewa nyingine. Huku siku ya kufungua pochi unapewa maneno kumi na mawili, basi. Mwenye maneno ndiye mwenye mali. Ukiyasahau, kwa heri. Mwingine akiyajua, kwa heri vilevile, na usitafute wa kumlilia.

Kwa miezi mingi Pilipili alikuwa anadai mambo mawili, anadai kwa mdomo, kwa maandishi na kwa kugonga meza. La kwanza, ukurasa wa kuandikia maneno hayo uyafiche, kama namba ya siri inavyofichwa. La pili, maneno peke yake yasitoshe. Mali isihame mpaka mtu wa pili, aliyechaguliwa na mwenye pochi, akubali kwenye simu yake.

"Watu wanataka haraka," Mkubwa alimjibu kila mara. "Ukiwachelewesha wanahamia kwa wenzetu."

"Na mwizi je? Yeye hataki haraka?"

"Pilipili, usianze."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa majibu ya mtu mwenye shahada mbili ukutani na kiti kinachozunguka.

Sasa Mkubwa huyu alikuwa na tabia moja. Fedha za kampuni alizitapanya kwenye mazulia na mashine ya kahawa, lakini ikifika zamu ya kuwalipa watu waje kujaribu pochi, mkono ulimkaza. "Leteni ndugu zenu," alisema. "Ndugu ni watumiaji pia." Kwa hiyo kila wiki ndugu wa mtu fulani aliingizwa kwenye chumba kidogo chenye meza, kiti, kamera na simu ya majaribio, na upande wa pili wa kioo wafanyakazi wakakaa gizani wakimtazama anavyohangaika. Yeye hakuwaona. Alichofanya kwenye simu kilionekana kwenye skrini kubwa ukutani mwao. Mlangoni palibandikwa tangazo: ALIYE NDANI HASAIDIWI. Ndiyo kanuni ya kazi ile, na Pilipili aliiheshimu. Ukimsaidia mtu mara moja hutajua tena wapi skrini yako ilimwangusha. Aliwahi kumtazama baba wa mwenzake, mtu mzima, akitokwa jasho juu ya kitufe cha "endelea," na akajizuia.

Wiki ile zamu ilikuwa yake. Akamleta Mama Mdogo.

Mama Mdogo alikuwa mdogo wake mama yake, tumbo moja, na ndiye aliyemlea Pilipili miaka yote ya sekondari katika chumba cha nyuma ya saluni yake. Alikuwa msusi. Vidole vyake vilijulikana mtaa mzima, na ulimi wake pia. Ukitaka kujua moto wa Pilipili ulitoka wapi, usiende mbali. Mwanawe wa pekee alifanya kazi ng'ambo, na kila alipotuma kitu nyumbani, madirisha ya kutuma fedha yalikwangua mpaka kikabaki cha kuchekesha. Pilipili akasema, Mama Mdogo, kuna njia. Akamwekea pochi ya kampuni yao kwenye simu kwa mikono yake mwenyewe. Siku hiyo alimwambia: haya maneno kumi na mawili usiyaandike, usimtajie mtu, hata mimi. Mama Mdogo akayashika kichwani akiwa kazini, kila msuko na neno lake, mpaka yakamkaa kuliko jina la marehemu mumewe.

Na ndani ya pochi hiyo sasa kulikuwa na saluni. Mwenye nyumba alikuwa anauza vyumba vyake kimoja kimoja, na alimpa Mama Mdogo nafasi ya kwanza ya kununua chumba alichosukia maisha yake yote. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Fedha zilikuwa zimetimia, zote, jasho la mtoto na jasho la mama. Akikosa, mnunuzi mwingine alikuwa tayari amekuja kupima kuta kwa ajili ya duka la vigae.

"Nitakaa tu, nabonyeza?" aliuliza asubuhi ile, akivua viatu mlangoni kwa sababu ya zulia.

"Vaa viatu, Mama Mdogo. Utabonyeza tu. Fanya wanavyokwambia, na ukisikia kelele nje usibabaike."

"Mimi nibabaike? Nimesuka bibi harusi watatu kwa pamoja na umeme umekatika."

Jaribio lilikuwa rahisi. Jifanye umepoteza simu, umenunua mpya, sasa irudishe pochi yako. Mezani Pilipili aliweka kadi yenye maneno kumi na mawili ya uongo, ya pochi tupu, ambayo mtu angeyanakili. Kadi aliichapa mwenyewe. Neno la kwanza lilikuwa "ndoo." Kisha, kwa kuwa aliye ndani alikuwa ndugu yake, kanuni ilimtaka asiwe msimamizi. Akaenda kukaa upande wa pili wa kioo.

Alipoingia akakuta chumba kimejaa. Mkubwa alikuwa amealika wawekezaji watatu, wamevaa suti, wana chupa za maji baridi mikononi, wametulia kama watu waliokuja kutazama mpira. Kwenye kona alikaa Miwani, mtengenezaji programu, kijana mpole asiyesema mpaka aulizwe mara mbili. Yeye ndiye aliyerekodi. Mkubwa alijiwekea mbele yake vitufe viwili, cha spika ya kuongea na aliye ndani, na cha kufungulia mlango wa chumba kile, ambao hujifunga wenyewe jaribio likianza.

"Leo tunawaonyesha kitu halisi," Mkubwa aliwaambia wageni wake. "Simu ile imeunganishwa na mtandao wenyewe, si ule wa kuigiza usio na fedha za kweli."

"Tangu lini?" Pilipili akauliza.

"Tangu leo. Keti."

Mama Mdogo alikaa, akaweka mkoba wake mezani. Aliuweka juu ya kadi. Pilipili aliona, akadhani atausogeza. Spika ikamwambia amepoteza simu na airudishe pochi yake. Mama Mdogo akatikisa kichwa kwa huruma, akasema pole kwa simu iliyopotea, akaanza kubonyeza. Ukurasa ukafunguka na maandishi makubwa: "Andika maneno YAKO kumi na mawili." Walioyaandika maandishi hayo ni watu wa idara ya matangazo, Pilipili aliyapinga pia, hawakumsikiliza.

Mama Mdogo akaandika "kijiko."

Pilipili akatazama skrini, akatazama kioo. Si ndoo. Kijiko. Likaja la pili, la tatu, bila kusita, bila kutazama popote, vidole vinatembea kama vinagawa nywele. Loo! Moyo ukampasuka paa. Mama Mdogo alikuwa anaandika maneno yake, yale yale ya kichwani, na yalikuwa yanatokea ukutani makubwa kama bango la dukani.

"Simamisha," Pilipili alisema.

"Shh," Mkubwa akasema.

"Simamisha! Yale ni ya kwake. Ya pochi yake ya kweli. Si ya kadi."

"Vizuri sana," mwekezaji mmoja akasema, akasogea mbele. "Hii ndiyo tabia halisi ya mtumiaji."

"Mkubwa, fungua mlango. Bonyeza spika, mwambie aache."

Mkubwa akaweka viganja vyake juu ya vitufe vyote viwili. Akamsogelea sikioni kwa sauti ya kubembeleza, ile ya kumwambia mtu asimwaibishe mbele za wageni. "Tunajua kanuni. Aliye ndani hasaidiwi. Akimaliza tutaifuta rekodi, hakuna atakayejua. Hawa watu wamesafiri."

Akamtajia kanuni! Yeye aliyeivunja kanuni ya mtandao wa kuigiza asubuhi ile ile, leo hii anamfundisha mwingine kanuni. Damu ilimchemka Pilipili mpaka masikio yakaziba. Alijaribu kuondoa mikono ile, ikashindikana, mwenyewe mzito, na wawekezaji wawili wameshasimama katikati yao. Akaenda kwenye kioo akakigonga kwa ngumi zote mbili, akapaza sauti, "Mama Mdogo, acha! Acha kuandika!"

Kioo kilikuwa kinene. Upande wa pili kilifika kishindo tu. Mama Mdogo aliinua uso akatabasamu kuelekea asikokuona mtu. "Nasikia," alisema. "Sibabaiki ng'o." Akarudi kwenye simu. La tisa. La kumi.

Pilipili aligeuka. Mwekezaji mmoja alikuwa ameinua simu yake anapiga picha ya skrini, bila aibu, kama mtalii. Na skrini, kwa kuwa Mkubwa alitaka watu wasichelewe, ilikuwa imeyapanga maneno yote kumi na mawili mahali pamoja, "uyahakiki." Chini yake pochi ikafunguka, na salio la Mama Mdogo likasimama ukutani wazi mbele ya kila mwenye macho. Saluni nzima, na miaka ya mtoto asiyejua kinachotokea, ikatundikwa pale. Mtu akapiga mluzi wa mshangao.

Hapo Pilipili alifanya jambo ambalo asingelifanya kama angepewa muda wa kufikiri. Alitoa simu yake mfukoni. Akaifungua pochi ile ile ya kampuni, akagusa "rudisha pochi," akaanza kunakili kutoka ukutani. Kijiko. Herufi mbili tu na programu ikamalizia neno lenyewe, maana alimtengenezea mtumiaji urahisi huo yeye mwenyewe mwaka jana, akapongezwa. Neno la pili likajimalizia, na la tatu. Mwizi gani amewahi kuhudumiwa hivi? Hakuulizwa jina. Hakuulizwa ni simu ya nani. Pochi ya Mama Mdogo ikafunguka mkononi mwake, akaandika anwani ya pochi yake mwenyewe, akagusa kile kitufe cha upuuzi cha kutuma zote.

Ukutani salio likawa sifuri.

Yowe alilopiga Mama Mdogo halikuhitaji spika. Alisimama, kiti kikaanguka, akaishika ile simu kwa mikono miwili akaitikisa kana kwamba fedha zimekwama ndani. "Ziko wapi? Wee mwenye simu, ziko wapi? Fedha zangu!" Ndipo Mkubwa akakumbuka kwamba ana kitufe cha mlango.

Waliingia wote kwa pamoja. Pilipili akatangulia.

"Ni mimi, Mama Mdogo. Nimezichukua mimi. Ziko kwangu."

Mama Mdogo akamtolea macho. Kwa muda hakuonekana kuelewa lugha.

"Umechukua nini?"

"Uliandika maneno yako ya kweli. Yalikuwa yanaonekana ukutani, kila mtu anayaona. Nimezitoa kabla mwingine hajazitoa. Ziko salama, nakurudishia sasa hivi."

"Mimi sikumwambia mtu maneno yangu."

"Umeyaandika hapo. Kule nyuma ya kioo tumeyaona."

"Nyuma ya kioo kuna watu?" Mama Mdogo alitazama kile alichodhani ni kioo cha kujitazamia, kile alichotumia asubuhi kuweka sawa mtandio wake. "Mlikuwa mnanitazama? Na wewe ulikuwemo?"

Mkubwa akaona nafasi yake, akaiingia kwa miguu yote. Alirekebisha tai yake. "Mama, pole sana. Naomba tuelewane, kampuni haihusiki. Umemsikia mwenyewe, huyu mwanao amekiri mbele ya mashahidi. Amekuibia. Nitaita walinzi."

"Ita!" Pilipili akasema. "Ita na polisi, nami niwaonyeshe ukurasa wako. Nikamuibia vipi? Kwa panga? Nilivunja nini? Nimeandika maneno uliyoyatundika ukutani, nikabonyeza kitufe ulichokiweka wewe! Nilikuomba uyafiche, nikakuomba maneno yasitoshe peke yake, ukaniambia watu wanataka haraka. Haya, umeiona haraka? Imekuridhisha?"

"Ongea kwa adabu."

"Adabu uliiacha wapi wewe ulipoviziba vile vitufe kwa viganja?"

Mwekezaji wa picha akakohoa, akasema labda waondoke. Mwenzake akauliza kwa sauti ya chini kama tukio hili ni sehemu ya maonyesho. Mama Mdogo hakuwasikia. Alikuwa anamtazama Pilipili, na katika macho yake Pilipili aliona kitu ambacho hajawahi kukiona tangu utoto wake: alikuwa anampima. Alimpima kama anavyowapima wateja wasiojulikana wanaosema nitalipa kesho. Hasira na uchungu vikamchanganyikia Pilipili, hajui kipi ni kipi.

Ndipo Miwani, aliyesimama mlangoni bila kuulizwa hata mara moja, akasema, "Tunaweza kujua kama alikuwa sahihi."

Wakageuka.

"Simu ya Pilipili iwekwe mezani, asiiguse mtu," alisema huku akitazama viatu vyake. "Mimi nitume kidogo kwenye ile pochi ya Mama iliyobaki tupu. Fedha yangu. Kama hakuna mwingine mwenye maneno, itakaa."

Pilipili akaiweka simu yake mezani, akarudi nyuma, akafunga mikono kifuani. Miwani akabonyeza kwenye yake. Simu ya majaribio mkononi mwa Mama Mdogo ikalia: imeingia. Mama Mdogo akainama kuisoma, hajamaliza kusogeza macho, ikawa sifuri tena.

 Simu ya Pilipili ilikuwa pale pale mezani, skrini imezima.

"Nani?" Mama Mdogo aliuliza. Alimtazama Mkubwa, akawatazama wale wa suti mmoja mmoja, akamtazama Miwani. "Nani kati yenu? Mnasimama hapa mnaniambia pole mama, na mmoja wenu mkono uko mfukoni mwangu?"

Wawekezaji wakaanza kusema wote kwa pamoja. Aliyepiga picha akaapa, akaonyesha simu yake, akasema amekwisha kuifuta, kama vile kuna aliyemwamini.

"Huenda si aliyemo humu," Miwani akasema. "Rekodi ilikuwa inakwenda moja kwa moja mtandaoni. Mkubwa aligawa linki."

"Kwa nani?" Pilipili akauliza.

"Kwa marafiki wa kampuni," Mkubwa akajibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo. "Wachache."

"Wachache wangapi?"

 Hapo Mkubwa, bila haya, akamgeukia Mama Mdogo akamwambia kwamba hata hivyo mama alielekezwa atumie kadi, kadi ilikuwa mezani, na kisheria kosa ni la mtumiaji. Aliinua ule mkoba kumwonyesha kadi. Mama Mdogo akaupokonya mkoba wake.

"Niliambiwa niandike maneno yangu," alisema. "Mimi najua kusoma. Hapa pameandikwa yako. Ningeandika ya nani?"

Kisha akavua mtandio wake. Akaenda kwenye kioo, akapanda kiti, akautundika juu yake na kuubana kwenye fremu kwa pini za nywele alizotoa kichwani. Kamera akaigeuzia ukutani. Simu ya majaribio akaisukuma mikononi mwa Mkubwa, akatoa ya kwake kutoka mkobani.

"Nikitaka pochi mpya yenye maneno mapya, asiyoyajua mtu, nabonyeza wapi?" alimuuliza Pilipili.

"Vitone vitatu juu kulia, halafu chini kabisa, halafu—"

"Kwa nini imefichwa huko?"

 Ilifichwa huko kwa sababu Mkubwa alitaka nafasi ya tangazo.

"Basi. Nitaitafuta. Tokeni."

"Mama, chumba hiki ni cha kampuni," Mkubwa akaanza.

"Toka kabla sijakutoa!"

Wakatoka. Suti zikatoka, Mkubwa akatoka akitembea kinyumenyume, Miwani akatoka. Pilipili alibaki kusimama kando ya meza, tayari kusaidia.

"Na wewe," Mama Mdogo akasema.

"Mama Mdogo, mimi?"

"Si ulinifundisha mwenyewe? Hata mimi, ulisema. Toka."

Alitoka, mlango ukafungwa usoni pake. Na hebu mfikirie: amesimama kwenye korido, mali ya mama aliyemlea iko mfukoni mwake, Mkubwa kando yake anampigia mwanasheria, anasema neno "wizi" kila baada ya pumzi, na ndani mwanamke mtu mzima anahangaika peke yake na skrini alizozipanga yeye. Alimsikia akisonya. Alimsikia akisema, "Aa, imenirudisha nyuma." Alimsikia akiuliza hewa, "Sasa hiki 'sawa' ni sawa ya nini?" Pilipili alijua ni ukurasa upi. Alijua kitufe chenyewe. Aliuma kidole cha gumba mpaka kikamuuma kweli, akanyamaza, kwa kuwa neno lolote angelisema kupitia mlango lingesikiwa na masikio mengine matano, na kwa kuwa amefukuzwa. Alitamani kuing'oa programu ile kutoka kila simu ilimo.

 Kisha kukasikika mnong'ono usioshikika, mtu anajisomea jambo mara nyingi alishike. Pilipili akawasogeza wote mbali na mlango kwa kifua, Mkubwa akiwemo, simu ya mwanasheria sikioni.

"Sogea! Hata ukutani usiegemee!"

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Mkono ukatokea, mkono tu, wenye simu, na kwenye skrini kile kimraba cha vitone vyeusi cha kupokelea. Pilipili akakiskani. Akalinganisha herufi za anwani moja moja, zote, si zile nne za mwanzo na nne za mwisho ambazo programu huzionyesha. Akatuma kila alichochukua, na akaongeza nauli ya mtandao iliyokatwa, kutoka kwake. Mkono ukarudi ndani, mlango ukajifunga.

Simu ikalia ndani. Mama Mdogo hakutoka mara moja. Alipotoka alikuwa amejifunga mtandio upya, mkoba kwapani, uso umekaza. Alimpita Mkubwa kama mtu anavyopita kiti. Alisimama mbele ya Pilipili.

"Zimeingia zote," alisema. "Natoka hapa naenda kuziuza, namlipa mwenye nyumba leo leo kwa noti. Ijumaa siisubiri."

"Nisamehe, Mama Mdogo. Nisingezichukua mimi, angezichukua—"

"Nimeona. Si mjinga. Kwa hilo sijakukasirikia." Aliongea polepole, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi ya kelele zake zote. "Ulichukua muda gani kunimaliza?"

"Dakika moja. Haikufika."

"Hawakukuuliza jina?"

"Hapana."

"Na ulijua itakuwa hivyo. Si leo. Ulijua tangu zamani, maana nimekusikia mle ndani unamfokea huyu: nilikuambia, nilikuomba." Alimwelekezea kidole kifuani, bila kumgusa. "Unamfokea yeye. Lakini aliyekuja saluni kwangu akaniwekea kwenye simu ni wewe. Ukaniambia kuna njia. Mbona mimi hukunifokea, ukaniambia Mama Mdogo, njia yenyewe ni mbovu?"

 Pilipili alikuwa na majibu mengi aliyoyazoea, ya mikutano yote ile, lakini hayo yalikuwa ya Mkubwa.  Aibu ilimshika mpaka miguuni, na hasira yake yote, aliyoibeba tangu asubuhi dhidi ya Mkubwa na suti na kioo, ikamgeukia mwenyewe.

Mama Mdogo akasogeza mkoba begani.

"Itengeneze," alisema. "Sijali huyu akikufukuza, katengeneze popote. Ukimaliza niite, nipe maneno yako wewe, yote kumi na mawili, nije nijaribu kukuibia. Nikishindwa, hapo ndipo utaiweka tena kwenye simu yangu."

Akashuka ngazi, hakungoja kusindikizwa.